Saratani ya matiti Fizi na Baraka: Wamama wanatabiriwa bila kuhesabiwa

BARAKA, Kivu Kusini – Kila Oktoba, mwezi wa utepe wa waridi, redio zetu za kando ya ziwa Tanganyika husoma namba za saratani ya matiti, ugonjwa ambao wengi huku tunauita kanseri ya maziwa. Mama anayeanika ndagala Baraka, au anayepalilia muhogo Lulimba, anasikia kwamba kufikia mwaka 2050 wagonjwa wataongezeka sana, na vifo vitaongezeka zaidi. Namba zinapita, wimbo unafuata, kazi inaendelea.

Kuna swali ambalo halisomwi pamoja na namba hizo: katika hesabu iliyozaa utabiri huo, mama wa Fizi amehesabiwa wapi?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Utabiri ndio unaotumiwa kupanga dawa ziende wapi, daktari yupi apelekwe wapi na mashine ipi inunuliwe. Sehemu isiyoonekana katika hesabu haionekani katika bajeti pia. Na Fizi, kwa upande wa saratani ya matiti, karibu haionekani.

Namba za dunia zinasema nini

Chanzo kikubwa cha namba hizo ni Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), tawi la Shirika la Afya Duniani (OMS) lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Kwa mwaka 2022, shirika hilo lilikadiria kwamba wanawake wapatao milioni 2.3 duniani walipatikana na saratani ya matiti, na wapatao 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi 157 kati ya 185, ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake.

Februari 2025 watafiti wa shirika hilo walitoa utabiri wao: mwenendo wa sasa usipobadilika, ifikapo 2050 wagonjwa wapya watakuwa milioni 3.2 kila mwaka, na vifo milioni 1.1. Yaani wagonjwa wataongezeka kwa asilimia 38, na vifo kwa asilimia 68.

Tazama vizuri asilimia hizo mbili. Vifo vinakwenda mbio kuliko wagonjwa. Sababu moja ni kwamba watu duniani wanazidi kuzeeka. Sababu nyingine inatugusa sisi: sehemu kubwa ya ongezeko inakuja katika nchi ambako mgonjwa ana nafasi ndogo ya kupona.

OMS inalieleza jambo hilo kwa hesabu rahisi. Katika nchi zilizoendelea sana, mwanamke 1 kati ya 12 atapatikana na saratani ya matiti katika maisha yake, lakini anayekufa nayo ni 1 kati ya 71. Katika nchi zilizo chini kabisa kimaendeleo, anayepatikana nayo ni 1 kati ya 27 tu, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Kwa maneno mengine, kule wanaougua ni wengi na wengi wao wanaishi. Kwetu wanaopatikana na ugonjwa ni wachache, na zaidi ya nusu yao wanazikwa.

Utabiri si uaguzi

Wapo wanaosikia neno utabiri na kufikiri kwamba mambo yamekwisha kuandikwa. Sivyo. Utabiri wa wataalamu wa takwimu unaanza na neno moja: ikiwa. Ikiwa hali itabaki kama ilivyo, namba itakuwa hii. Hali ikibadilika, namba nayo inabadilika.

Hesabu yenyewe inasimama juu ya mafiga matatu, kama sufuria. Figa la kwanza ni kujua, kati ya wanawake 100,000 wa kila umri, ni wangapi wanaugua kwa mwaka. Figa la pili ni kujua wanawake wenyewe ni wangapi, na wana umri gani. Figa la tatu ni kujua, kati ya wanaougua, ni wangapi wanakufa na baada ya muda gani.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuseme sehemu fulani ina wanawake 100,000, na kila mwaka 30 kati yao wanapata saratani ya matiti. Idadi ya watu ikiongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, karibu na kasi ya nchi yetu, itazidishwa mara mbili katika muda wa miaka 23 hivi. Hapo wagonjwa watakuwa 60 kwa mwaka, hata kama ugonjwa wenyewe haukuongezeka hata kidogo. Kama kiwango cha kuugua nacho kikizidishwa mara mbili katika muda huo, wagonjwa watakuwa 120.

Sasa njoo kwenye vifo. Ikiwa nusu ya wagonjwa wanakufa, hao 120 watazaa vifo 60 kwa mwaka. Ikiwa anayekufa ni mmoja kati ya sita, vifo ni 20. Wagonjwa ni wale wale, mwaka ni ule ule. Wamama 40 wanaotofautisha hesabu hizo mbili wanaokolewa na mambo mawili: ugonjwa kugunduliwa mapema na matibabu kukamilishwa.

Ndiyo maana utabiri una faida. Unaonyesha ni sehemu gani ya mzigo haiwezi kukwepeka, na ni sehemu gani iko mikononi mwetu. Wakongo tunaongezeka: Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba tulikuwa karibu milioni 109 mwaka 2024, na kwamba ifikapo 2050 tutapita milioni 200. Kwa hiyo wagonjwa wataongezeka, hilo ni karibu hakika. Vifo kuongezeka kwa kasi hiyo hiyo si lazima.

Lakini sufuria haikai juu ya mafiga yaliyokosekana. Na Fizi, mafiga yote matatu yana kasoro.

Figa la kwanza: hakuna rejista

Fizi haina rejista ya saratani, yaani ofisi inayoandika kila mgonjwa wa saratani wa eneo fulani, jina lake, umri wake, makao yake, aina ya ugonjwa na tarehe uliyogunduliwa. Mahali ambapo hakuna rejista, watafiti wa Lyon hawaachi nafasi wazi. Wanaazima viwango vya nchi jirani zilizo na rejista, kisha wanaviweka juu ya idadi ya watu wa nchi husika.

Njia hiyo si ya udanganyifu, wenyewe wanaieleza hadharani. Bila hiyo, nchi nyingi za Afrika zisingekuwa na namba yoyote. Lakini ina maana kwamba mama wa Fizi anaingia katika utabiri akiwa amevaa kitenge cha mwingine.

Na maisha yao hayafanani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulionyesha kwamba kila uzazi unapunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha inaipunguza kwa asilimia 4.3 zaidi. Mama wa Ngandja au Lulenge aliyezaa mara saba na kunyonyesha kila mtoto kwa muda mrefu hana hatari sawa na mwanamke wa mji mkubwa aliyezaa mara mbili. Kwa hiyo kiwango kilichoazimwa kinaweza kuwa kikubwa kuliko ukweli wa vijiji vyetu leo.

Lakini Baraka ya leo si ile ya zamani. Ni mji unaokua, wenye wasichana wanaosoma zaidi, wanaochelewa kuolewa na kuzaa watoto wachache kuliko mama zao. Kusoma si kosa, wala hakuna anayesema wazae zaidi ili kukwepa kanseri. Tunachosema ni kwamba kiwango cha Baraka kitabadilika, na bila rejista hakuna atakayejua kimebadilika lini wala kwa kiasi gani.

Figa la pili: sensa ya mwisho ni ya 1984

Sensa ya mwisho ya watu katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kupita miaka 40, umri ambao hatari ya saratani ya matiti inaanza kupanda. Tangu hapo, idadi ya watu wa kila zone ya afya inapatikana kwa kuongeza asilimia fulani kila mwaka juu ya makadirio ya zamani.

Kwa Fizi hesabu hiyo ni ngumu maradufu. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha maelfu ya watu ziwa kwenda Kigoma, na wengi walifika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Wengine wamerudi, wengine wamezalia huko. Watu wa milima ya juu wanateremka kuelekea ziwani kila bunduki zinapolia, kisha wanapanda tena zinaponyamaza. Katika hali hiyo, nani anaweza kusema wanawake wa Baraka wenye umri wa miaka 40 hadi 60 ni wangapi?

Jambo moja linashangaza. Katika kambi ya Lusenda, hapa hapa Fizi, wakimbizi kutoka Burundi wameandikishwa na shirika la UNHCR mmoja mmoja, kwa jina na umri. Mwenyeji anayewauzia samaki hajahesabiwa katika sensa kwa zaidi ya miaka 40. Kumbe kuhesabu watu kunawezekana hata katika mazingira yetu, pakiwa na nia na fedha.

Umri una uzito mkubwa katika hesabu hii. Mara nyingi tunasikia kwamba saratani ya matiti inawashambulia Waafrika wakiwa vijana kuliko Wazungu. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wa Afrika ni wenye umri mdogo kuliko wa Ulaya. Lakini sababu kubwa ni kwamba watu wetu wengi ni vijana: penye wazee wachache, hata wagonjwa wazee watakuwa wachache. Asiyejua umri wa watu wake anaweza kusoma vibaya hata namba iliyo sahihi.

Figa la tatu: vifo vya nyumbani

Wamama wengi wa vijijini wanafia nyumbani. Matanga yanafanyika, kaburi linachimbwa, hakuna cheti kinachoandika sababu ya kifo. Katika maongezi ya msibani itasemwa ni jipu lililoiva vibaya, ni sumu, ni mtu. Wataalamu wa Lyon hawana njia ya kuyasikia maongezi hayo.

Wanachofanya ni kukadiria vifo kutokana na idadi ya wagonjwa na kiwango cha maendeleo ya nchi: kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo wanavyokadiria kwamba wagonjwa wachache wataishi. Yaani kifo cha mama wa Baraka kinakisiwa kwa kutazama umaskini wa taifa lake, wala si kwa kumtazama yeye.

Makisio hayo hayako mbali na yale yaliyoonekana mahali pengine barani. Utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 katika Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia ulikuta kwamba miaka mitatu baada ya kugunduliwa, nusu tu ndio waliokuwa hai. Na hao ni wanawake waliofika hospitali. Wasiofika hawamo katika hesabu.

Mama anapotelea wapi

Ili tuelewe namna mgonjwa anavyopotea kabla ya kuwa namba, tumfikirie mama mmoja wa mfano. Ana miaka 44, anauza ndagala sokoni Baraka. Siku moja akioga anagusa kitu kigumu kama punje ya hindi kwenye ziwa la kushoto. Hakiumi. Kwa sababu hakiumi, anakiacha.

Baada ya miezi minne kimekua. Anamweleza mkwe wake, mkwe anamjibu: “Mama, hiyo ni maziwa yaliyoganda, tutafute majani.” Miezi mitatu mingine inapita kwa majani na maombi. Anapofika kituo cha afya, muuguzi aliyefundishwa malaria, kolera na uzazi anampa dawa ya kuua vijidudu, kana kwamba ni jipu. Katika daftari anaandika “jipu”. Hapo ndipo mama huyu anapotoka katika hesabu ya saratani, kabla hata hajaingia.

Muuguzi huyo halaumiwi peke yake. Ripoti ambayo kituo kinatuma kila wiki katika ofisi kuu ya zone ni ya magonjwa ya mlipuko na hatari za haraka: kolera, surua, homa ya manjano, kifo cha mama mzazi. Inaeleweka, maana Fizi inapambana na kolera karibu kila mwaka. Lakini ugonjwa ambao haumo katika fomu, si rahisi uwemo katika kichwa cha anayeijaza.

Tuseme baadaye anatumwa hospitali kuu ya Baraka, na daktari anashuku kanseri. Ili kuthibitisha, kipande kidogo cha nyama kinapaswa kutolewa na kupimwa katika maabara maalumu. Kwa watu wa huku, njia ya kawaida ilikuwa ile ya Bukavu, kwenye hospitali kubwa kama Panzi na Hospitali kuu ya rufaa ya jimbo: Mboko, Makobola, Uvira, kisha bonde la Ruzizi hadi Kamanyola na milima ya Ngomo. Hata wakati wa amani, safari hiyo ilikuwa ya nauli, chakula, na mtu wa kuacha na watoto. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23, na tangu hapo safari hiyo imekuwa pia ya kuvuka mstari wa vita. Wapo wanaofikiria kuvuka ziwa kwenda Tanzania, lakini huko mgonjwa ni mgeni, na mgeni analipa.

Mara nyingi mwisho wa hadithi ni mama kurudi nyumbani. Na hata akifika mbali akatibiwa, ataandikwa katika mji wa watu wengine. Daftari la Fizi litabaki na neno “jipu”.

Jirani zetu walianzaje

Kama tunafikiri kwamba kuhesabu saratani ni kazi ya nchi tajiri, tutazame Kampala. Rejista ya saratani ya Kampala ilianzishwa katika miaka ya 1950, na haikujaribu kuhesabu Uganda nzima. Ilichagua eneo moja tu, kaunti ya Kyadondo, ambamo mji wa Kampala umo. Ilikwama katika miaka ya misukosuko ya nchi, ikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kwa sababu ya daftari hilo, leo tunajua kwamba saratani ya matiti pale ilipanda kutoka wagonjwa 11 kwa kila wanawake 100,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 22 katikati ya miaka ya 1990. Bila karani aliyeandika kila siku, ongezeko hilo lingekuwa uvumi.

Karibu zaidi nasi kuna Rwanda. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, ilifungua kituo cha saratani mwaka 2012, kijijini kabisa. Watafiti waliwauliza wagonjwa wa matiti waliotibiwa huko na katika hospitali nyingine ya vijijini muda waliotumia tangu kuona dalili ya kwanza hadi kupata jibu. Muda wa kati ulikuwa miezi 15. Jambo la kufundisha ni kwamba ucheleweshaji haukuwa wa wamama peke yao: muda wa kati uliopotea nyumbani ulikuwa miezi mitano, na uliopotea ndani ya mfumo wa afya, kutoka kituo hadi kituo, ulikuwa miezi mitano pia.

Baadaye katika wilaya hiyo hiyo, wauguzi wa baadhi ya vituo na wahudumu wa afya wa vijiji walifundishwa kutambua dalili na kumtuma mgonjwa mapema. Katika maeneo yaliyopata mafunzo, wagonjwa wengi zaidi waligunduliwa ugonjwa ukiwa bado mdogo kuliko katika maeneo ambayo hayajapata.

Na mbali kidogo, mjini Mumbai, India, utafiti ulioanza mwaka 1998 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono na wahudumu wanawake waliofundishwa, kila baada ya miaka miwili, katika duru nne. Hakukuwa na mashine ya picha. Kwa wanawake wenye miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa wenye umri chini ya hapo, vifo havikupungua. Mikono ina kazi yake, ingawa si dawa ya kila kitu.

Fizi inaweza kuanzia wapi

Hatuhitaji kungoja amani kamili wala sensa mpya ili kuanza. Yapo mambo ambayo zone ya afya inaweza kuyafanya kwa daftari na kalamu.

La kwanza ni kufungua ukurasa wa uvimbe wa ziwa katika kila kituo cha afya, wenye safu chache: umri, kijiji anachoishi, dalili ilianza lini, amefika lini, ametumwa wapi, na amefika huko au hapana. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayookoa maisha, maana inamlazimisha mtu kupiga simu na kuuliza: “Mama, ulifika?”

La pili ni kumfundisha muuguzi na mhamasishaji wa afya wa mtaa kanuni moja: uvimbe wa ziwa usiopungua baada ya dawa, usipewe dawa mara ya pili. Utumwe hospitali.

La tatu ni kuhesabu vifo kwa kuuliza. Viongozi wa vijiji, wachungaji, mapadri na maimamu wanajua nani amezikwa. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kuiuliza familia, kwa heshima, dalili alizokuwa nazo marehemu. Njia hiyo inatumika katika nchi nyingi zisizo na vyeti vya vifo.

La nne ni kujiandaa kwa mshangao. Mwaka wa kwanza wa kuhesabu, namba ya wagonjwa itapanda ghafla, na watu watasema kanseri imevamia Fizi. Haitakuwa imevamia. Itakuwa imeonekana. Kipimo cha mafanikio katika miaka ya mwanzo si wagonjwa kupungua, bali ni wangapi wamefika ugonjwa ukiwa mdogo. OMS imeweka shabaha tatu: angalau wagonjwa 60 kati ya 100 wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na angalau 80 kati ya 100 wakamilishe matibabu. Ikifikiwa na vifo vikapungua kwa asilimia 2.5 kila mwaka, shirika hilo linahesabu kwamba watu milioni 2.5 wataokolewa duniani kufikia 2040.

Ni wazi kwamba daftari peke yake haliponyi. Mgonjwa aliyegunduliwa anahitaji upasuaji, dawa za sindano au vidonge, na njia salama ya kufika kunakopatikana hayo. Fizi imeona pia namna msaada unavyoweza kukatika: Desemba 2020 Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walitangaza kuondoka Fizi baada ya mashambulizi dhidi ya watu wao. Lakini anayekwenda kuomba dawa Kinshasa au kwa wafadhili akiwa na majina 40 kwenye karatasi anasikilizwa kuliko anayesema “wako wengi”.

Anayebaki ni mtoto

Mama anapokufa kwa saratani ya matiti akiwa na umri chini ya miaka 50, mara nyingi anaacha watoto wadogo. Watafiti wa IARC walikadiria kwamba mwaka 2020, saratani za aina zote ziliua wanawake milioni 4.4 duniani na kuacha yatima wapatao milioni moja. Katika zile nchi tano za Afrika tulizotaja, kila vifo 100 vya wamama wenye umri chini ya miaka 50 viliacha yatima wapya 210.

Katika Fizi, ambako mama mmoja anaweza kuwa na watoto sita au saba, na ambako vita vimekwisha kuchukua baba wengi, hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa kuifafanua. Msichana mkubwa anaacha masomo ili alee wadogo zake. Hilo nalo haliandikwi popote.

Dalili za kuangalia

Mwanamke yeyote, hasa mwenye zaidi ya miaka 40, aende kituo cha afya akiona moja ya mambo haya: uvimbe mgumu kwenye ziwa au kwapani, hata kama hauumi; ziwa moja kubadilika umbo au ukubwa; ngozi kuingia ndani au kuwa kama ganda la chungwa; chuchu kuzama wakati haikuwa hivyo; chuchu kutoa damu au maji; kidonda kisichopona. Uvimbe mwingi wa matiti, hadi 9 kati ya 10, si saratani. Kwa hiyo kwenda kupimwa si kujitabiria kifo. Mara nyingi mtu anarudi na habari njema.

Wanaume nao wasicheke. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, mmoja anaweza kuwa mwanamume. Na katika nyumba nyingi, baba ndiye anayeshika nauli. Mke akisema ameona uvimbe, jibu liwe ni “twende lini?”

Oktoba itarudi, na redio zitasoma tena namba za 2050. Namba hizo zitakuwa za kweli kadiri watu wa mbali walivyoweza kuzitengeneza bila sisi. Hadi hapo, muuguzi wa kituo cha afya cha Mutambala au Fizi-centre ana nafasi ya kufanya jambo ambalo Lyon haiwezi. Mama anayefika kesho asubuhi na uvimbe usioumi, aandikwe umri wake, kijiji chake na siku alipouona kwa mara ya kwanza. Kisha atumwe hospitali, na afuatiliwe hadi afike.